Mashimo Tuliyoyaziba kwa Makapi

Jumapili, 5 Machi 1950

Mwalimu Habakuki wa Lutindi alikuwa akituambia mwandiko ni kama jembe, ukiliweka linashika kutu. Mimi niliishia darasa la nne, na tangu niolewe sijaandika kitu isipokuwa jina la Hosiana siku ya ubatizo wake. Leo nimenunua daftari dukani Makuyuni. Masika yanakuja. Nitaandika masika haya yote, kidogo kidogo, mtoto akilala.

Hosiana ana meno mawili na anatambaa kama mjusi. Baba yake ni Lukasi. Kazi yake ni saisi, ndiyo kusema mtunza farasi wa Bwana Meneja wa shamba hili la mkonge. Farasi ni wawili, Chumvi ambaye ni mweupe, na Zabibu, jike jeusi, ambaye ana mimba. Masika motokaa zinakwama matopeni, na Bwana huzunguka mashamba juu ya farasi. Kwa hiyo miezi hii mume wangu ni mtu mkubwa kuliko dereva.

Nina furaha. Nimejaribu kutafuta neno zuri zaidi la shuleni, sikulipata.

Jumanne, 7 Machi

Joto. Jino la tatu. Hatukulala.

Ijumaa, 10 Machi

Lukasi amerudi amechoka, amekaa kizingitini bila kuvua kofia. Ni mhanga tena. Mnyama huyu sijamwona hata siku moja, anatoka usiku kutafuta mchwa, lakini kazi yake naijua. Anachimba shimo ambalo mtu mzima anaweza kuingiza kichwa na mabega, kisha anakwenda kuchimba lingine. Malisho ya farasi yamejaa vichuguu, basi yamejaa na mashimo. Farasi akitia mguu ndani ya shimo huku anakimbia, mguu unavunjika, na farasi aliyevunjika mguu hana dawa ila risasi. Ndiyo maana kila asubuhi Lukasi na mwenzake Mwinjuma wanazunguka malisho yote na majembe kabla ya kufungua boma.

Wanaziba kwa udongo uleule uliotolewa. Udongo ni laini, mhanga anarudi usiku na kuufukua kama anafungua mlango wake. Mawe yangefaa, lakini mawe yako kule kijitoni, na kuyapandisha ni kazi ya ng'ombe.

Nikamwambia, "Baba Hosiana, kwa nini msitumie makapi?"

"Makapi gani?"

"Haya ya korona."

Korona ni ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Nyuzi zinakwenda kuanikwa, na yale majimaji ya kijani yanayobaki, makapi, yanamwagwa kwa toroli nyuma ya malisho. Kuna vilima vyake. Yananuka hata nzi wanakimbia. Nikasema, "Myasokomeze ndani mpaka yakaze, juu mtie udongo na majani. Mhanga anatafuta mchwa kwa pua. Akinusa makapi ataona bora alale na njaa."

Lukasi alinitazama kitambo. Kisha akacheka, akavua kofia.

Jumatatu, 13 Machi

Wamejaribu. Mwinjuma naye ameona ni vyema, amesema huko kwao Handeni wangekuwa na makapi wasingebaki na shimo hata moja. Nimewapelekea uji nikakuta wanasokomeza kwa miguu kama watu wanaokanyaga udongo wa kukandika nyumba.

Mimi nimetumia kidogo hapa nyumbani. Palikuwa na shimo la panya uani, karibu na jiko. Nimelijaza makapi, nimetia udongo juu, nimefagia. Huwezi kujua kama palikuwa na kitu.

Jumamosi, 18 Machi

Mhanga hakurudi! Siku zote hizi hajafukua hata shimo moja lililozibwa kwa makapi. Mvua ya kwanza imenyesha jana.

Bwana alikuja malishoni mwenyewe. Akapita juu ya shimo moja na viatu vyake, akaruka juu yake kama mtoto, akauliza, "Akili ya nani hii?" Lukasi akajibu, "Ni akili yangu, Bwana." Bwana akampa koti lake la zamani la mvua. Limempita magoti. Amelivaa mpaka ndani, na ndani hakuna mvua.

Niliyasikia haya kwa Mwinjuma, si kwa Lukasi. Nilimpa chakula kimya kimya.

Jumapili, 19 Machi

Sikuweza. Nilimwambia, "Akili yako?"

Akasema, "Mama Hosiana, nimwambie Mzungu kwamba saisi wake anafundishwa kazi na mke wake?"

"Ungesema kweli, basi."

"Koti si tutajifunika wote?"

Tulipotoka kanisani nilikwenda bombani kuchota maji, na wanawake wote wa kambi walikuwepo, na mdomo wangu nikauachia. Nikawaambia makapi ni akili yangu, na Lukasi na Mwinjuma wangekufa wanachimba na kufukia kama fuko wawili kama si mimi. Fatu, mke wa Mwinjuma, tunayemwita mama Afisa kwa jina la mwanawe, alisema, "Haya, fundi, utufundishe na kupika bila kuni." Wakacheka. Nami nikacheka, maana walikuwa wamejua.

Alhamisi, 23 Machi

Mvua.

Jumapili, 26 Machi

Kwa kuwa Lukasi anakwenda malishoni hata Jumapili, na Mwinjuma yuko kwao kwenye msiba, nimekwenda kumsaidia, Hosiana mgongoni. Tumeziba upande wa chini wote, ule wa kuelekea kijitoni. Lukasi anasokomeza, mimi natia udongo na kupandikiza majani. Alisema, "Hapa hata mhanga mwenyewe akipita atauliza nyumba yake iko wapi." Tulikuwa kama watoto. Nimemsamehe lile koti, karibu lote.

Jumatano, 29 Machi

Kuku wa Fatu amezama uani kwangu! Alikuwa anaparuaparua karibu na jiko, pale nilipofukia shimo la panya, mara miguu yote miwili ikaingia, akabaki amekaa kama bibi kizee kwenye kigoda, anatupigia kelele. Mimi na Fatu tulicheka mpaka tukashikana. Fatu alimvuta kwa mabawa, miguu yake ilikuwa myeusi na inanuka. "Kuku wangu amevaa soksi," akasema.

Nimeziba tena kwa udongo mtupu.

Jumamosi, 1 Aprili

Mvua usiku kucha. Majani ya malisho yanamfika Lukasi kwenye magoti. Shimo jipya huwezi kuliona mpaka ulikanyage, kwa hiyo wanafyeka na kutafuta, wanafyeka na kutafuta.

Jumapili, 9 Aprili, Pasaka

Tumekwenda kanisani Lukasi amevaa koti la Bwana ingawa jua lilikuwa linawaka. Watu walimpisha njia. Nyapara alimpa mkono. Mimi nilikuwa nyuma yake na Hosiana, na kila aliyesema "huyu ndiye aliyemshinda mhanga" nilimwona mwingine anamgusa mwenzake na kunionyesha mimi kwa kidevu. Nilijisikia nimepambwa.

Ibada ilikuwa ndefu. Katikati ya mahubiri yule kuku akanijia kichwani. Nikamwona alivyokaa. Nikajiambia, lile lilikuwa shimo la panya, dogo, sikulikaza, na kuku ni kuku. Nikajiambia nitamwambia Lukasi jioni.

Jioni alikuwa amelala na mtoto kifuani, na koti limetundikwa ukutani. Nikaona nisimharibie sikukuu.

Jumanne, 11 Aprili

Sijamwambia bado. Leo alikuwa na haraka.

Alhamisi, 13 Aprili

Nitaandika, maana nisipoandika nitazunguka chumba.

Nilikwenda malishoni jioni kumpelekea Lukasi viazi. Mawingu yalikuwa meusi upande wa milima ya Usambara. Chumvi na Zabibu walikuwa upande wa chini, wanakula. Lukasi na Mwinjuma wakawa wanashuka kuwakusanya kabla ya mvua. Radi ikapiga. Zabibu aliinua kichwa tu, na tumbo lake lile. Lakini Chumvi alikurupuka. Alikuwa anakimbia vizuri sana, mkia juu, na nakumbuka niliwaza, tazama alivyo mzuri. Kisha akawa kama mtu aliyeruka ngazi gizani. Kifua kilishuka, kichwa kikagonga chini, mwili wote ukapinduka. Nikasikia. Sitaandika nilisikia nini.

Alisimama. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Alisimama kwa miguu mitatu, wa mbele mmoja unaning'inia kuanzia chini ya goti kama soksi yenye jiwe, na akainama, akang'ata majani, akaanza kutafuna.

Lukasi alimshika kichwa. Alikuwa anamwambia, "Tulia bwana, tulia mzee wangu." Mwinjuma akakimbia kwa Bwana. Mimi nilikwenda kwenye shimo. Sikutumwa, miguu ilinipeleka. Lilikuwa letu la ile Jumapili. Udongo niliotia mimi ulikuwa umekaa juu kama ukoko wa ugali, na chini yake hakuna kitu, uwazi, na chini zaidi maji meusi yananuka. Makapi yalikuwa yameoza na kunywea. Juu majani niliyopandikiza yalikuwa yameshika, yamechanua vizuri kabisa.

Bwana alikuja na bunduki. Kwanza alitazama mguu, kisha akaja shimoni, nikasogea. Akapiga goti matopeni, akatia mkono mpaka kwenye bega, akatoa makapi meusi. Akauliza, "Hii nini?"

Lukasi alisema, bila kumwachia Chumvi, "Makapi, Bwana. Ni akili yangu, Bwana."

Maneno yaleyale. Sauti ileile. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwao na mtoto mgongoni. Mdomo wangu ambao bombani haukuwa na kizuizi, leo ulikuwa umeshonwa.

Bwana akamwambia Lukasi asogee. Lukasi akasema, "Nitamshika, Bwana, asiogope." Akamfunika macho kwa lile koti. Mlio ulimfanya Hosiana aruke mgongoni kwangu, kisha akanyamaza, hakulia kabisa, akanishika nywele.

Mvua ikanyesha.

Ijumaa, 14 Aprili

Nilimwona yule kuku. Nilimwona, nikacheka.

Jumapili, 16 Aprili

Lukasi ameondolewa kwenye farasi. Kesho anaanza kukata mkonge na watu wengine. Hakufukuzwa, na nyumba tumeachiwa. Watu wanasema tumshukuru Mungu. Alilikunja koti vizuri, akalipeleka kwa Bwana mwenyewe, akarudi mabega yamelowa.

Nilimwambia habari ya kuku. Nilimwambia yote, na siku niliyotaka kumwambia nisimwambie. Alisikiliza anakata kucha za mtoto kwa wembe, polepole. Nilingoja anitukane. Akasema, "Hata ungeniambia, nisingekusikia. Nilikuwa nimevaa koti."

Afadhali angenitukana.

Jumatano, 19 Aprili

Nimekwenda bombani mapema ili nisikute mtu. Nikawakuta wote.

Fatu akasema kwa sauti ya juu, "Mpisheni fundi wa mashimo achote, ana kazi nyingi." Mmoja akacheka, wengine wakatazama ndoo zao. Nilichota nusu ndoo nikaondoka. Fatu akanifuata. Nikageuka nikamwambia, "Mama Afisa, kama mnataka kumwambia Bwana ni akili ya nani, nendeni mkamwambie. Kambi nzima inajua. Nilisema mwenyewe."

Akaweka ndoo chini. "Nikuchongee kwa Mzungu? Nitapata nini? Mzungu atakufokea siku moja amalize. Mimi nitakucheka mpaka Hosiana aolewe."

Sikujua nicheke au nilie. Nikalia. Akaniangalia, akabeba ndoo yake, na yangu akaibeba kwa mkono mwingine mpaka mlangoni, bila neno la pole. Alipoitua alitazama pale karibu na jiko, kwenye shimo la panya. Alitazama kidogo tu, akaenda zake.

Nimekaa naye jirani muda wote huu nikimwona ni mwanamke wa kelele. Mume wake sasa ana kazi ya watu wawili kwa ajili yangu, na angeweza kuniuza kwa neno moja.

Ijumaa, 21 Aprili

Mikono ya Lukasi. Mkonge una mwiba kwenye ncha ya kila jani, na mtu asiyezoea anachomwa kila anapoinama. Nimemtoa miiba kwa sindano, mkono wa kulia tu. Wa kushoto alikataa, alisema anataka kulala.

Jumapili, 23 Aprili

Nimemwambia nataka kwenda kwa Bwana kusema kweli. Akasema, "Ukisema, mkonge utabaki wangu, na wewe utakuwa na aibu yako na ya kunifanya mwongo. Kaa na mtoto."

Mvua haikatiki.

Jumanne, 25 Aprili

Mwinjuma amepita kumwona Lukasi. Nikamwamkia, "Shikamoo baba Afisa." "Marahaba mama," akajibu, kama zamani. Habari aliyoleta ni mbaya. Zabibu amefungiwa bomani tangu siku ile, anakatiwa majani, na miguu yake yote minne inavimba kwa kusimama. Mimba ni kubwa. Bwana amesema Jumatatu ijayo lazima afunguliwe atembee, asipotembea watapotea wote wawili, yeye na mtoto. Mwinjuma ametafuta mashimo ya makapi upande wa juu, ameyakuta, ameyafukua na kuyajaza mawe. Lakini ya upande wa chini hayajui, yeye alikuwa msibani Handeni.

"Naona majani tu," akasema. "Mliyapandikiza vizuri mno."

Lukasi akasema atakwenda baada ya kazi. Lakini wakataji wanarudi jioni, na giza la masika linaingia mapema. Nikatazama mikono yake.

Anayejua alipanda majani wapi ni mimi.

Jumatano, 26 Aprili

Nimechukua mchi wangu wa kutwangia. Nilifikiri sana ni kitu gani cha kugongea ardhi, jembe halina sauti. Nimemfunga Hosiana mgongoni nikapita katikati ya kambi na mchi begani, mchana, kila mtu ananiona. "Mama Hosiana, unakwenda kutwanga nini porini?" "Anamtwangia mhanga, amemwalika." Nikapita. Uso ulikuwa unawaka kama nimeinamia chungu.

Upande wa chini nilianza kwenye uzio. Nainua mchi, naugonga chini, nasikiliza. Penye ardhi nzima mchi unarudisha mkono. Penye makapi unasema *bu*, kama ngoma iliyolowa, na unataka kuingia. Lile la kwanza nilipolipata lilikuwa na maua madogo ya manjano juu yake. Nilifukua makapi kwa mikono. Harufu ile haitoki hata kwa majivu. Kisha nikateremka kijitoni kuokota mawe kwenye kikapu, nikapandisha, nikatia mawe, udongo, nikatwanga, udongo, nikatwanga, mpaka mchi ukarudisha mkono.

Kwa siku nzima nimemaliza mawili. Jumatatu iko karibu, na tuliziba mengi.

Alhamisi, 27 Aprili

Moja tu. Mvua. Mtoto anakohoa, nimemwacha kwa jirani.

Ijumaa, 28 Aprili

Nilikuwa natwanga, sikumsikia. Mchi wangu ulipopanda, mchi mwingine ukashuka palepale, kama tuko kinuni. Nikainua macho nikamwona Fatu, kanga kiunoni.

Nikasema, "Mama Afisa, hii si kazi yako."

"Twanga."

Tukatwanga, mimi juu yeye chini. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, "Kuku alikuwa wangu."

Nikaendelea kutwanga.

"Nilimvuta mwenyewe, nikaona ile miguu. Usiku nikamwambia baba Afisa kama kichekesho, kuku amevaa soksi. Naye akacheka. Yeye anayesokomeza makapi kila siku, akacheka. Basi usijifanye aibu yote ni ya kwako peke yako, una uchoyo."

Nikacheka huku machozi yananitoka. Akasema, "Sasa hivi utauloanisha udongo tena. Twanga!"

Leo tumemaliza manne.

Jumamosi, 29 Aprili

Bwana alitukuta. Alikuja kwa miguu, buti zimejaa matope, maana hana farasi wa kupanda. Akasimama kuangalia wanawake wawili wanatwanga malisho yake.

"Nani natuma nyinyi?" akauliza kwa Kiswahili chake cha Kizungu.

Fatu hakuchelewa. "Saisi Lukasi, Bwana. Ni akili yake. Mawe chini, udongo, kutwanga."

Ilikuwa zawadi. Alinipa iliyokunjwa tayari, ningenyamaza tu. Nilimwona Lukasi amerudishiwa koti, nikamwona ameshika hatamu ya Zabibu. Nikafungua mdomo, na bado nashangaa kilichotoka.

Nikasema, "Bwana, mimi ni mke wa Lukasi. Yale makapi yalikuwa akili yangu. Tena niliona yanazama kabla farasi hajafa, nikanyamaza."

Fatu alisema kwa Kizigua neno ambalo sitaliandika.

Bwana alinitazama. Akasema, "Lukasi nasema akili yake."

"Alikuwa ananifichia aibu, Bwana."

"Basi yeye mwongo."

Ndilo aliloniambia Lukasi, nami nimemfanya hivyo mchana kweupe. Nikasema, "Ndiyo, Bwana. Kwa jambo hilo moja. Lakini Chumvi alimshika mpaka mwisho, na hilo Bwana aliliona."

Bwana akachukua mchi mkononi mwangu, akagonga juu ya lile shimo, mara moja, mara mbili, kwa nguvu. Mchi ukamrudisha mkono. Akanipa. "Bado ngapi?"

"Machache, Bwana. Yale ya pale kijitoni."

"Maliza," akasema, akaenda.

Fatu akangoja afike mbali. "Nimekupa uongo mzuri, mpya, haujavaliwa hata mara moja, ukautupa matopeni!"

"Nisamehe, dada."

"Sikusamehe. Shika mchi."

Jumapili, 30 Aprili

Nilimwambia Lukasi nilichokifanya. Akauliza, "Ulimwambia nilimshika?"

"Nilimwambia."

Alasiri alikuja malishoni, na Mwinjuma, na pamoja na Fatu tukamaliza yaliyobaki, watu wanne, Hosiana amekaa juu ya kanga anakula udongo.

Jumatatu, 1 Mei

Lukasi alikwenda kukata mkonge. Zabibu alifunguliwa mbele yangu. Alitoka bomani anachechemea kwa uvimbe, akanusa, akaelekea moja kwa moja upande wa chini. Kuna majani ya kutosha upande wa juu, lakini yeye akashuka chini. Nilifumba macho. Niliomba, nikakosa maneno, nikawa nasema tu tafadhali, tafadhali.

"Fumbua," Fatu akasema. "Fumbua uone."

Zabibu alikuwa amesimama juu ya shimo letu, lile la maua, kwato zote mbili za mbele, uzito wote ule na mtoto wake. Akatulia. Kisha akatanua miguu ya nyuma akakojoa.

Fatu akasema, "Haya. Limekaguliwa."

Jumatano, 10 Mei

Mvua. Kila asubuhi nazunguka na Mwinjuma na mchi wangu. Silipwi kitu na sikuomba. Mhanga amechimba mapya mawili, tumetia mawe.

Jumapili, 21 Mei

Lukasi hajaitwa kwenye farasi. Nyapara anasema Bwana hataji jina lake, kwa uzuri wala kwa ubaya. Mimi nilikuwa nimetumaini. Bado natumaini, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini nikimwona anatoka alfajiri na panga lake, siwezi kumtazama mpaka apinde kona.

Jumapili, 4 Juni

Mvua zimekwisha. Zabibu amezaa jana alfajiri, jike, jeusi, na alama nyeupe usoni. Leo mchana Mwinjuma aliwatoa malishoni, nami nikasimama kwenye uzio na Hosiana.

Kile kitoto kilikaa kimya karibu na mama yake, miguu mirefu kama ya meza ya kuazima. Kisha kikaanza kukimbia. Hakuna aliyekifukuza. Kilikimbia kikateremka mpaka chini karibu na kijito, kikageuka, kikapanda, kikateremka tena, na Zabibu nyuma yake anamwita. Nilijua kila mahali kilipopita. Nilikuwa nahesabu kwa miguu yangu, hapa, na hapa, na hapa penye maua.

Jioni Lukasi alikuwa amekaa kizingitini. Nilikuja na sindano na taa. Nikamwambia kitoto kimekimbia.

Akauliza, "Kilianguka?"

"Hakikuanguka."

"Kilipita wapi?"

"Upande wa chini. Juu ya yote."

Nilimtoa miiba ya mkono wa kulia, mmoja mmoja, nikaufuta kwa mafuta. Nilipotaka kuinuka akanizuia, akanipa na wa kushoto.